Dakta Carl Koller na Tone la Ganzi

Wengi wetu tumefaidi kazi ya Dakta Carl Koller bila kulisikia jina lake. Aliyepata kung'olewa jino pale Arua au Koboko, akachomwa sindano kwanza hata ufizi ukafa ganzi, amefaidi. Bibi kizee aliyetolewa mtoto wa jicho hospitalini huku yu macho, akiisikia sauti ya daktari na kumjibu, naye amefaidi. Hata farasi amefaidi. Daktari wa wanyama atakaye kupima presha ya jicho la farasi mara nyingi hutia kwanza tone moja la dawa ya ganzi, ndipo aliguse jicho kwa kipimo chake. Na tone hilo ni mjukuu wa tone lililotiwa katika jicho la chura mjini Vienna mwaka 1884. Habari za farasi nitazieleza mbele, kwa kuwa katika mnyama yule jambo hili laonekana wazi kuliko katika mtu. Kwanza tumtazame Koller mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 katika mji mdogo wa Sušice, nchi ya Bohemia. Siku hizi mji huo umo katika Jamhuri ya Cheki, lakini wakati ule nchi yote ilikuwa chini ya mfalme wa Austria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Kijana alikua na kusoma Vienna, mji mkuu, akaanza masomo ya sheria, akayaacha upesi akaingia udaktari. Alimaliza mwaka 1882. Tangu uanafunzi wake alipenda maabara kuliko kitu kingine, na katika maabara ya Profesa Salomon Stricker alichunguza jinsi kifaranga anavyoanza kuumbika ndani ya yai. Lakini shabaha yake hasa ilikuwa macho. Alitaka sana kupata kazi ya msaidizi katika kliniki kubwa ya macho ya Vienna, na kazi hiyo haikutolewa kwa kila mtu. Ilimpasa mtu aonyeshe kwanza jambo jipya alilolivumbua yeye mwenyewe.

Hapa yafaa tuelewe shida iliyowasumbua madaktari wa macho siku zile. Dawa za kulaza mgonjwa zilikuwapo tayari. Etha ilionyeshwa mbele ya watu mjini Boston mwaka 1846, na klorofomu ikaanza kutumiwa Edinburgh mwaka 1847. Aliyekatwa mguu hakuhitaji tena kushikwa na watu wanne huku akipiga mayowe. Basi kwa nini daktari wa macho asizitumie dawa hizo?

Sababu iko katika umbo la jicho lenyewe. Jicho ni kama mpira mdogo uliojaa maji na ute. Maji hayo hutengenezwa ndani ya jicho saa zote, na saa zote hutoka kwa vijia vidogo vilivyo pembeni. Yakitengenezwa sawasawa na yanavyotoka, mpira hukaa na ugumu wake wa kadiri. Ugumu huo ndio presha ya jicho. Katika mtu mzima mwenye afya hupimwa kuwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Sasa mtu akikohoa, akikaza tumbo au akitapika, damu hujaa katika mishipa ya kichwa na presha ya jicho hupanda ghafula. Jicho zima hulivumilia jambo hilo. Lakini jicho lililopasuliwa muda mfupi uliopita, nalo siku zile halikushonwa kwa kuwa nyuzi nyembamba za kutosha hazikupatikana, lawezaje kuvumilia? Mgonjwa aliyeamka kutoka katika etha alitapika na kujipindapinda, na yaliyomo ndani ya jicho yakasukumwa nje kwa kidonda. Upasuaji ulikwenda vizuri, na mgonjwa akawa kipofu kitandani.

Kwa hiyo madaktari wengi waliona ni heri wapasue jicho la mtu aliye macho kabisa, bila dawa yoyote. Wasomaji na wafikiri wenyewe. Mwalimu wa Koller, Profesa Ferdinand Arlt, alilifundisha jambo hili waziwazi: etha na klorofomu hazilifai jicho, na heri ingepatikana dawa ya kulifisha ganzi jicho peke yake. Koller hakuliacha neno hilo lipite. Alijaribu mofini katika macho ya wanyama, akajaribu na dawa nyingine za usingizi zilizokuwapo. Hakupata kitu. Akaacha, ila swali likabaki kichwani.

Katika Hospitali Kuu ya Vienna alikuwamo daktari kijana mwingine, Sigmund Freud, ambaye baadaye alikuja kujulikana duniani kote kwa elimu ya nafsi. Mwaka 1884 Freud alikuwa akichunguza unga mweupe uitwao kokeini. Unga huo watoka katika majani ya mkoka, mti ambao watu wa milima ya Peru na Bolivia wametafuna majani yake tangu zamani ili wasisikie njaa na uchovu. Freud aliandika makala juu yake mwezi wa Julai, akamwomba Koller amsaidie kupima kama kokeini huongeza nguvu za misuli. Wakameza unga, wakabana kipimo kwa mikono. Siku moja daktari mwenzao alionja kidogo akasema ulimi wake umekufa ganzi. Koller akakubali kwamba hata yeye na wengine walioonja wameliona jambo hilo.

Na hapa ndipo ninapomwona Koller kuwa mtu wa ajabu. Ganzi ile ya ulimi haikuwa siri. Albert Niemann, Mjerumani aliyeutenga unga wa kokeini mwaka 1860, aliitaja. Wengine waliitaja baada yake. Freud mwenyewe aliitaja katika makala yake. Ndimi ngapi zilikufa ganzi katika miaka 24 ile! Lakini hao wote walikuwa wakitafuta mambo mengine. Koller alikuwa na swali la Arlt mfukoni, na papo hapo akatambua kwamba jibu lake limo katika unga ule.

Alikwenda moja kwa moja kwenye maabara ya Stricker, akamkuta msaidizi, Dakta Gustav Gärtner. Wakayeyusha unga kidogo katika maji safi, wakamchukua chura, wakamtia tone katika jicho moja. Wakangoja. Baada ya dakika moja hivi wakagusa kioo cha jicho lile kwa ncha ya sindano, na chura asitikisike. Wakagusa jicho la pili lisilotiwa dawa, chura akaruka. Wakarudia kwa sungura na kwa mbwa, mambo yakawa yale yale. Kisha wakatiana dawa wao kwa wao, wakasimama mbele ya kioo na kujigusa macho kwa kichwa cha pini. Hawakusikia kitu. Yote hayo yalikwisha kwa muda mfupi tu, baada ya miaka mingi ya watu kupasuliwa macho huku wamefungwa na kushikwa.

Madaktari wa macho walikuwa na mkutano wao Heidelberg, Ujerumani, tarehe 15 Septemba 1884. Koller hakuwa na nauli. Daktari aliyegundua jambo kubwa namna hii alishindwa kupanda gari la moshi kwa sababu ya umaskini! Ilibidi ampe karatasi yake Dakta Josef Brettauer wa Trieste, aliyekuwa akienda mkutanoni, naye akaisoma kwa niaba yake na kuonyesha kazi ya dawa katika jicho la mgonjwa mbele ya wakubwa wote. Freud naye hakuwapo Vienna siku zile. Alikuwa amekwenda kumtembelea mchumba wake karibu na Hamburg, na aliporudi alikuta rafiki yake amekwisha kuwa mtu mashuhuri. Habari zilivuka bahari upesi, na kabla ya mwaka kwisha madaktari wa New York walikuwa wakiitumia kokeini. Rafiki mwingine, Dakta Leopold Königstein, alikuwa amefanya majaribio kama hayo na karibu adai heshima ile iwe ya wawili, lakini alishauriwa akakubali kwamba Koller ndiye wa kwanza.

Mwezi wa Aprili 1885 marafiki hawa watatu walikutana katika chumba kimoja cha upasuaji. Baba yake Freud, mzee Jacob, alipatwa na glakoma. Ugonjwa huu ndio presha ya jicho yenyewe: maji hayatoki kama yanavyotakiwa, presha hupanda, na mshipa wa kuonea husongwa polepole hata ukafa. Ukishakufa haufufuki. Königstein alishika kisu, Freud akasaidia, na Koller akatia ganzi. Mzee alipasuliwa akiwa macho, bila etha, bila kutapika. Ile hatari aliyoieleza Arlt darasani ikawa imeepukwa katika jicho lililoihitaji salama kuliko mengine yote.

Mtu angedhani baada ya hayo kliniki ya macho ingemfungulia Koller milango. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa Januari 1885, miezi michache kabla ya upasuaji wa mzee Jacob, Koller alikuwa zamu hospitalini. Akaletwa mtu mwenye kidole kilichoumia, kimefungwa kamba ya mpira kwa nguvu mno. Koller alitaka kuilegeza upesi, maana kidole kingekufa kwa kukosa damu. Daktari mwenziwe alibisha, wakagombana, na yule akamtukana kwa Uyahudi wake mbele ya watu. Koller akampiga kofi. Wote wawili walikuwa maofisa wa akiba wa jeshi, na kwa desturi ya maofisa wa Austria kofi lilimalizwa kwa panga. Walipigana. Koller hakupata hata mkwaruzo, na yule mwingine akajeruhiwa kichwani na mkononi.

Mimi sioni sifa katika kupigana kwa panga, na sheria ya nchi ile ilikataza. Lakini Wayahudi wengi wa Vienna walifurahi kwamba tusi lile halikumezwa kimya. Hata hivyo kazi aliyoitamani hakupewa kamwe. Mwaka 1885 aliondoka Vienna akaenda Utrecht, Uholanzi, akafanya kazi kwa Profesa Donders na Profesa Snellen, wakuu wa elimu ya macho. Yule Snellen ndiye aliyetunga ile karatasi yenye herufi kubwa juu na ndogo chini, ambayo hutundikwa ukutani kila macho yetu yanapopimwa.

Nataka kusema jambo moja la pembeni, kwa kuwa ni la huku kwetu. Mwaka huo huo wa 1885 Emin Pasha alihamia Wadelai, kando ya Nile, si mbali na Pakwach. Naye alikuwa daktari aliyezaliwa katika nyumba ya Kiyahudi, naye alikwenda mbali na kwao, tena macho yake yalikuwa mabovu mno. Khartoum ilikuwa imetekwa na watu wa Mahdi mwezi wa Januari, na njia ya Nile ikafungwa. Habari za tone la Koller zilikuwa zikisomwa Marekani, lakini kwa daktari aliyekaa ukingoni mwa mto wetu zilikuwa mbali kama mwezi.

Kokeini ilikuwa na ubaya wake, nao ulijitokeza mapema. Ilikausha na kuharibu kioo cha jicho. Baya zaidi, ilimteka mtu akawa mtumwa wake. Dakta William Halsted wa New York, mpasuaji hodari aliyeichoma kwa sindano kwenye mishipa ya fahamu akafungua njia ya ganzi katika sehemu nyingine za mwili, alijijaribia mwenyewe na akanaswa. Ndipo wakemia wakatafuta dawa zenye ganzi bila utumwa. Alfred Einhorn wa Ujerumani alipata prokeini mwanzoni mwa karne ya 20, na Nils Löfgren wa Sweden akapata lidokeini mwaka 1943. Hii lidokeini ndiyo itumikayo sana kwetu, kwa meno, kwa vidonda vya kushonwa, na hata kwa ng'ombe anayekatwa pembe.

Sasa nije kwa farasi. Huku Manibe farasi hatuwaoni. Ndorobo na nagana viliwafukuza wasikae katika nchi nyingi za kwetu, na anayetaka kuwaona wengi pamoja na aende Nairobi kwenye uwanja wa mashindano wa Ngong. Jicho la farasi ni kubwa kuliko la mnyama yeyote mwingine anyonyeshaye aishiye nchi kavu. Presha yake kwa kawaida ni kati ya milimita 15 na 30 hivi za zebaki. Ana ugonjwa mmoja mbaya ambao huwasha ndani ya jicho, ukapoa, ukarudi tena, hata wazee wa Ulaya wakadhani wafuata mwezi. Ndio unaopofusha farasi wengi kuliko ugonjwa mwingine, na mara nyingine huishia katika glakoma. Kwa hiyo presha lazima ipimwe. Lakini nani atamwambia farasi asitikisike?

Hapo ndipo dawa huleta mambo yake. Farasi ana misuli ya kope yenye nguvu sana, na akifumba huku daktari anafumbua kwa vidole, jicho hubanwa na kipimo hudanganya. Daktari huchoma lidokeini kidogo kwenye mshipa wa fahamu upitao kati ya sikio na jicho, kope zikalegea. Huenda akachoma pia dawa ya kutuliza, kama zailazini. Dawa hii hushusha presha ya jicho, na daktari asiyekumbuka hilo aweza kusoma hesabu nzuri katika jicho lenye ugonjwa. Tena ina sura ya pili. Farasi aliyetulizwa huinamisha kichwa mpaka karibu na magoti, na kichwa kikiwa chini ya moyo damu hujaa machoni na presha hupanda, pengine kwa milimita 8 au zaidi. Dawa moja yashusha, na mwinamo ulioletwa na dawa hiyo hiyo wapandisha! Basi msaidizi husimama akakiinua kichwa cha farasi, au hukiweka juu ya kitegemeo, ndipo jicho lipimwe.

Ketamini, dawa inayotumiwa sana kumwangusha farasi usingizini, yajulikana kwa kupandisha presha ya jicho, na husemwa ni kwa kukaza misuli inayolishika. Kwa hiyo haitolewi peke yake, ila pamoja na dawa za kulegeza. Farasi mwenye kidonda kirefu katika kioo cha jicho akipandwa na presha wakati wa kuanguka au wakati wa kuhangaika kuinuka, kidonda chaweza kupasuka na jicho likamwagika, kama macho ya wale wagonjwa wa etha. Tena usingizi wenyewe ni hatari kwa mnyama mzito kiasi kile. Katika farasi 100 wanaolazwa, hata wakiwa hawana ugonjwa wa tumbo, mmoja hivi hufa. Kwa binadamu hesabu kama hiyo ingefunga hospitali. Ndiyo maana siku hizi upasuaji mwingi wa macho ya farasi hufanywa akiwa amesimama kwa miguu yake minne, ametulizwa tu, na jicho limetiwa ganzi peke yake.

Koller hakukaa Ulaya. Mwaka 1888 alivuka bahari kwenda New York, akafungua kazi yake ya udaktari wa macho na kuhudumu katika Hospitali ya Mount Sinai. Aliishi huko miaka iliyobaki, akioa, akilea watoto, akitibu wagonjwa. Jina lake lilitajwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya Tuzo ya Nobel, wala hakupewa. Mwaka 1922 chama cha madaktari wa macho wa Marekani kilimpa nishani ya Howe, naye akawa mtu wa kwanza kuipokea. Kwa tabia hakuwa mtu wa kujitangaza. Hakupenda kuandika habari zake, na mengi tunayoyajua yametoka katika barua na karatasi alizoziacha.

Alifariki New York tarehe 21 Machi 1944, naye ana miaka 86. Karatasi zake zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington. Kati ya karatasi hizo ilionekana bahasha ndogo yenye unga mweupe, na juu yake maandishi ya mkono wake yakieleza kwamba ni salio la kokeini ya kwanza aliyoitumia mwaka 1884. Aliitunza miaka 60 hivi, toka Vienna hadi Utrecht, na toka Utrecht hadi New York.